Mlango wa Akina Mama

Binti yangu Berita aliugua sana mwaka huu, na tulipokwisha kumwombea mpaka sauti zikakauka, Mungu akamwinua. Alipopata nguvu ya kusafiri alisema anataka kuniona. Akaja hapa kwangu Makongeni akiwa na watoto wake wawili, Minayo na Amosi, na kitoto cha Minayo ambacho hata meno hakijaota. Tulikula ugali kwa kuku, tukanywa chai, na nikiwaangalia wote mezani pangu nilishukuru kimoyomoyo, kwa maana katika umri wangu mtu hahesabu tena wageni wanaokuja, anahesabu wasioweza kuja tena. Lakini vijana hawawezi kula kimya. Amosi, ambaye hana kazi tangu kampuni yao ifungwe, alianza kusema kwamba siku hizi mwanamume ndiye anayeonewa. "Kila mahali ni wasichana, wasichana," alisema. "Mtoto wa kiume nani anamsemea? Hizi kelele zenu za haki za wanawake ndizo zimetumaliza." Minayo huzunguka makanisani akiwafundisha wanawake habari za haki zao, na ulimi wake haujawahi kukwama. Akamwambia, "Umeonewa wapi wewe, na hata sahani uliyolia hujaitoa hapo mezani?" Tulicheka wote, hata mimi. Amosi akanigeukia mimi babu yake. "Guka, si uwaambie. Enzi zenu mwanamume alikuwa mwanamume, ama?"

Nilifungua kinywa nijibu. Wakati huo huo kitoto kikalia chumbani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango, nikaenda nikakichukua. Sikuwa nimekishika vizuri kifuani Minayo alipofika mbio, akicheka, mikono mbele. "Lete, Guka, lete. Nyinyi wanaume hamjui hawa. Utamwangusha." Akakitoa mikononi mwangu kwa upole, kama mtu anayempokonya mtoto kisu bila kumtisha. Hakuwa na dharau hata kidogo. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimeshika hewa, na nilipoketi mazungumzo yalikuwa yamehamia kwa bei ya mbolea. Hakuna aliyekumbuka kwamba nilikuwa nimeulizwa swali. Berita peke yake aliniangalia kidogo, halafu akaangalia kikombe chake. Mimi ni baba yake mzazi, lakini tangu aanze kusema ameniita Mzee. Ninaandika hapa jibu ambalo sikulitoa siku ile, na ikiwa nitaonekana nimekasirika, msomaji anivumilie. Nimeomba hasira hii iondoke kwa miaka mingi, na Mungu, ambaye amenipa mengi kuliko nilivyoomba, hilo moja hajanipa.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa kijana niliyetoka upande wa magharibi, nikifanya kazi ya jikoni katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Tuliitwa maboi, hata yule mpishi mwenye mvi. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilikuwa bado, na siku moja askari walikuja na lori wakawachukua Wakikuyu kadhaa wa shamba kwenda kuhojiwa, miongoni mwao yaya aliyemtunza mtoto wa Memsahibu, mke wa mzungu mwenye shamba. Hakurudi. Memsahibu hakuwa na mtu mwingine aliyemwamini, kwa hiyo akaniita mimi. Alinionyesha jinsi ya kuchemsha chupa na chuchu zake za mpira, jinsi ya kukoroga unga wa maziwa usifanye madonge, na jinsi ya kudondoshea tone moja upande wa ndani wa kifundo cha mkono ili kujua kama maziwa yana moto. Lisilohisiwa ndilo linalofaa. Nilijifunza kumweka mtoto begani na kumsugua mgongo mpaka acheue. Nilijifunza kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Dirisha la jikoni lilitazama mibuni, na asubuhi nilisimama pale na mtoto wa mzungu begani nikiimba nyimbo za kanisa kwa lugha ya kwetu, naye akilala. "Wewe Ezekieli muzuri sana," Memsahibu aliniambia. "Wewe kama yaya kabisa." Nilifurahi kwa maneno hayo. Mke wangu Dorika alikuwa na mimba, na nilimwambia jioni nikimenya viazi, "Wetu akija, nitakufundisha." Alicheka mpaka akashika tumbo. "Wewe unifundishe mimi? Wenzako wakisikia watakufukuza kwa laini."

Laini ndiyo safu ya vyumba tulivyokaa wafanyakazi, chumba kimoja kwa kila familia, ukuta wa mawe na paa la mabati lililopiga kelele mvua ikinyesha. Humo ndani Dorika alijifungua wakati wa mvua nyingi, gari la shamba likiwa limekwama kwenye tope, na humo ndani alifariki kabla ya msaada kufika. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Alimwacha Berita akiwa mzima, analia kwa nguvu, ana njaa. Na mimi nilijua la kufanya. Jambo hili ndilo ninalotaka vijana wangu walishike: katika laini nzima, ikiwa ni pamoja na wanawake, hakuna aliyejua kulea mtoto kwa chupa isipokuwa mimi.

Nilimwomba Memsahibu ruhusa nimlaze mtoto wangu kwenye kikapu karibu na stoo, nimwangalie pamoja na wake. Alishtuka kama aliyeambiwa nitaleta ng'ombe. "Hapana. Jikoni hapana mutoto. Peleka kwa bibi."

"Bibi amekufa, Memsahibu."

"Pole. Basi tafuta bibi ingine."

Hakuwa mtu mbaya. Alinipa shali kuukuu na chupa moja iliyovunjika kidogo ukingoni, nayo ilinifaa sana. Lakini nililifikiria jambo hilo miaka mingi kabla ya kulielewa. Katika nyumba yake sikuwa mwanamume, nilikuwa boi, na kwa hiyo niliruhusiwa kulea. Nilipovuka ua na kufika laini nikawa mwanamume, na kwa hiyo nikakatazwa. Nepi za mtoto wake nilizifua kila siku na hakuna aliyecheka, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi. Za mwanangu nilipozipeleka kwenye mfereji wa laini, wanaume waliokuwa wakinawa miguu waliacha kunawa. "Hujambo, Mama Berita!" mmoja akaita. Mwingine akanivuta shati. "Hebu tuone, maziwa imeingia ama bado?" Jina hilo likanishika. Nilikuwa nikipita wananiamkia, "Mama Berita, watoto wazima?" nami nikajibu, "Wazima, tunashukuru," kwa sababu sikuona jibu lingine lililomfaa Mkristo.

Jirani yangu aliyenisaidia alikuwa mwanamke Mkikuyu tuliyemwita Mama Kamau. Mumewe alikuwa kizuizini, wapi hasa hakujua, naye alibaki akichuma kahawa. Mchana nikiwa kazini alimbeba Berita mgongoni akaenda naye mibunini, na chupa nilizozitayarisha asubuhi alizitia kwenye ndoo ya maji baridi kivulini. Mara moja kwa wiki alimpeleka kliniki Thika, ambako watoto walipimwa uzito na wenye shida wakapewa mkebe wa maziwa. Mimi nilikuwa nimejaribu mwanzoni, nikarudishwa kabla sijafika barazani. Kliniki ilikuwa ya akina mama. Yeye alipita bila kuulizwa. Jioni akija kunirudishia mtoto, alisimama mlangoni pasipo kuingia, kwa heshima, na kunichunguza nikimbadilisha nepi. "Haiya, Ezekieli," angesema, "bwana yangu angekuona angezimia. Wewe unafunga hiyo kitu kuniliko."

Halafu nyapara wa shamba alikuja kumwambia Mama Kamau atoke kwenye chumba. Niliwasikia kupitia ukutani nikikoroga uji wangu. "Nyumba ni ya mwanamume," nyapara alisema. "Bwana yako hayuko, basi nyumba hakuna. Utaenda kijijini na wengine." Vijiji hivyo vilikuwa vile vya kuzungushiwa mtaro na kulindwa, ambako Wakikuyu walikusanywa.

"Na hii mikono inachuma kahawa ni ya nani?" Mama Kamau akauliza. "Ni ya bwana yangu?"

"Mama, mimi nasema vile nimeambiwa."

Nyapara alipoondoka, Mama Kamau alikuja mlangoni kwangu. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na katika hasira hiyo alicheka. "Unaona dunia, Ezekieli? Wewe unanyimwa maziwa juu huna matiti. Mimi nanyimwa nyumba juu sina ndevu. Ngai! Wangetuunganisha tuwe mtu mmoja, labda wangetupatia vyote." Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, na mengine nimeyahubiri mwenyewe, lakini sijasikia mtu aliyeieleza hali hiyo vizuri kuliko yeye siku ile akiwa ameegemea mwimo wa mlango na mwanangu mgongoni.

Kabla hajahamishwa, wazee wa kanisa waliniita. Tulikaa katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, chenye harufu ya mafuta ya taa na viti vilivyochongwa na mafundi wetu wenyewe. Walinipa chai kwanza. Ningependa kusema walikuwa wakali, ingekuwa rahisi kwangu, lakini walikuwa watu wema, na mkubwa wao, Mzee Yohana, ndiye aliyemzika Dorika. "Ndugu Ezekieli," alianza, "tunasikia mwanamke ambaye bwana yake hayupo anafika mlangoni pako asubuhi na jioni."

"Anachukua mtoto, Mzee. Hajawahi kuvuka kizingiti."

"Tunakuamini. Lakini watu hawaoni kizingiti, wanaona mwanamke. Kijana, oa. Ama mpeleke mtoto kwa mama ya marehemu."

"Naweza kumlea, Mzee. Najua kumlea. Kazi yangu ni hiyo, nalea mtoto wa mzungu."

Mzee mmoja akatabasamu. "Huyo ni wa mshahara. Mwanamume akilea mtoto mchanga nyumbani kwake anataka kuonyesha nini?"

Nikawaambia, kwa adabu niliyoweza, kwamba Maandiko yanamsema Mungu mwenyewe kuwa anawabeba watu wake kifuani kama mlezi, nasi hatuoni aibu kumwita Baba. Mzee Yohana akaweka kikombe chini. "Mungu ni Mungu," akasema. "Wewe ni kijana wa jikoni. Usipofanya moja kati ya hayo, itabidi tukuzuie Meza ya Bwana mpaka jambo hili liishe." Nilipotoka nikawakuta nyuma ya ukuta wanawake waliopika chai, wakiosha vikombe. Hawakuniona. "Lakini hiyo mtoto ni safi," mmoja alikuwa akisema. "Ni safi kuliko wetu." Mwenzake akajibu, "Ni safi, ndiyo. Lakini ni aibu." Nililia njiani kwa ajili ya neno hilo. Usafi wa mwanangu waliuona kwa macho yao, na aibu ikaushinda.

Lori lilimchukua Mama Kamau pamoja na sufuria zake na Kamau wake. Alinipungia mkono, sikumwona tena. Maziwa yalipoelekea kwisha nikaomba ruhusa kazini, nikamfunga Berita kifuani kwa ile shali, nikaenda Thika. Juu ya mlango wa kliniki kulikuwa na ubao: AKINA MAMA. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na nilipoingia mstarini mazungumzo yakakatika. Mwanamke mmoja akafunika kifua chake upesi. Nesi, msichana wa rika langu mwenye kofia nyeupe, alikuja kwangu akikunja uso.

"Wewe umepotea? Wanaume ni upande ule ingine, kwa vidonda."

"Nimeleta mtoto apimwe. Na maziwa."

"Mama yake ako wapi?"

"Alifariki."

"Basi leta dada yako."

"Sina dada huku."

"Hata jirani?"

"Amehamishwa."

Alimwangalia Berita. Alimgusa shavu, akamgeuza, akaangalia shingo yake na makwapa, mahali ambapo mtoto asiyetunzwa huonekana. Hakupata kitu. "Nani anamwogesha?" akauliza, na nilipomwambia ni mimi, hakuniamini mpaka akanitazama tena. "Mimi ningekupatia," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimeambiwa mkebe ni wa mkono wa mama. Daktari akikukuta hapa nitaulizwa mimi. Na hawa wamama hawawezi kunyonyesha ukiwa umekaa hapa. Unaelewa?" Nilielewa. Hilo ndilo lililonichosha mwaka ule, kwamba nililazimika kumwelewa kila mtu. Akaingia ndani, akarudi na mkebe uliokuwa umefunguliwa, akaufunika kwa aproni yake akanipa. "Usirudi, kaka," akaniambia. "Tafadhali."

Mama mkwe wangu alifika kwa treni wiki chache baadaye, baada ya mimi kukubali shauri la wazee. Alilala kwangu, akala nilichopika, akasema chumvi imezidi. Tuliagana kituo cha Ruiru. Nilikuwa nimefunga ile chupa kwa kitambaa safi, na tukisubiri treni nikaanza kumweleza habari za kuchemsha na habari za tone la mkononi. Akanitazama kwa huruma kubwa. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezaa tisa. Unanifundisha kulea?" Akaiacha chupa kwenye benchi. Berita alikuwa amelala. Sikumwamsha. Treni ilipoondoka nilirudi jikoni kwa wakati wa chupa ya saa nane, nikampa mtoto wa Memsahibu maziwa yake, nikamsugua mgongo, naye akanicheulia begani pale pale mwanangu alipokuwa akinicheulia. Jumapili iliyofuata wazee walinipa mkono wa pongezi na nikakaribishwa Mezani.

Miaka ilipita nikaoa, Mungu akanibariki na mke mwema na watoto wengine, nao hao niliwaogesha nikiwa nimefunga mlango. Nilikwenda kumfuata Berita. Alikuwa amejua kutembea na kukimbia, na alikimbia: alijificha nyuma ya nguo ya nyanya yake na kuuliza, "Huyu mzee ni nani?" Nyanya yake akasema mtoto amejua kwao, nisimvuruge. Nikamwacha.

Kwa hiyo, Amosi, jibu langu ndilo hili. Ndiyo, nilibaguliwa kwa sababu ni mwanamume, na iliniuma kama inavyokuuma wewe, labda zaidi. Lakini usiichukue habari yangu uifanye rungu la kumpigia dada yako. Mwaka ule hakukuwa na mtu Ruiru aliyekuwa akidai haki za wanawake. Walionifungia mlango walikuwa wazee wanaume, nyapara mwanamume, daktari mwanamume, na wanawake waliokuwa wakitii amri wasizozitunga. Angalitokea mwanamke mmoja tu kama Minayo akasimama mbele ya wale wazee na kuwaambia kwamba kulea si kazi ya mwanamke peke yake, ningalikuwa nimemlea mama yenu. Kilichomtoa Mama Kamau chumbani kwake ndicho kilichonitoa mimi kliniki. Na wewe Minayo, mjukuu wangu ninayejivunia, unawaambia wanaume washike watoto, halafu mwanamume akimshika mtoto unampokonya huku ukicheka. Ninajua ni kwa upendo. Mzee Yohana naye alinipenda.

Hayo nilitaka kuyasema mezani na sikuyasema. Lakini baada ya chakula Minayo alikwenda jikoni kuosha vyombo, Amosi akatoka kuongea na simu, nasi wawili tukabaki, mimi na Berita, kitoto kikiwa kimelazwa kwenye kochi katikati yetu. Ugonjwa humfanya mtu aseme yaliyokaa. "Mzee," akaniambia, "nikiwa hospitali nilifikiria sana. Nataka ujue sijawahi kukuwekea kinyongo. Nyanya alinielewesha mapema. Alisema, baba yako ni mwanamume, angefanya nini na mtoto?"

Nimelaumiwa mara nyingi maishani, na lawama hupona. Msamaha huo nilishindwa hata kuumeza. Kwa miaka yote hiyo hakunikasirikia kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na kitu cha kutarajia kutoka kwangu. Nilitaka kumweleza yote, mfereji, shali, mkebe chini ya aproni. Kitoto kikaanza kulia. Kilikuwa kilio cha njaa, si cha tumbo. Chupa yake ilikuwa mezani, na birika la chai lilikuwa bado na maji moto. Nikachukua bakuli, nikaisimamisha chupa humo, nikangoja, nikaitikisa taratibu. Nikajidondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Sikulihisi. Nikakiinua kitoto, nikakiweka kwenye kiwiko, nikagusa shavu lake kwa chuchu ya chupa ili kigeuke chenyewe, kikageuka, kikashika.

Berita aliinama kututazama. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Nilifundishwa kwa mtoto wa mzungu," nikamwambia. "Nikaifanya kwako."

Kitoto kilinyonya, mkono wake mmoja ukishika kidole changu. Jikoni maji yakaacha kumwagika, na Minayo akaita kwa sauti ya wasiwasi, "Mum! Mtoto amenyamaza, ako na nani?"

"Ako na Baba," Berita akajibu.

"Baba gani?"

Berita alifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Wangu," akasema. "Osha vyombo."